Kidole cha Fundi na Siri ya Sufuria

Kila asubuhi Pini alikuwa na kazi moja ambayo hakumruhusu mtu mwingine aifanye. Alichukua sumaku iliyofungwa kwenye kijiti, akaipitisha polepole kwenye sakafu ya duka la baba yake, chini ya meza ya kukatia nguo, chini ya kiti cha wateja, mpaka chini ya cherehani. Pini na sindano zilizoanguka jana yake ziliruka zikanasa, tik, tik, tik. Alianza kazi hiyo akiwa na miaka mitatu, na ndiyo iliyompa jina. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na hata mwalimu wake alikuwa akimwita Pini anapoita mahudhurio.

Baba yake mtaani alijulikana kwa jina moja tu, Fundi. Alikuwa mrefu, mwenye mikono mipana na kicheko cha kutikisa madirisha. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu. Watu walimshauri anunue ya umeme, naye akawajibu, "Umeme hukatika. Miguu yangu haijakatika tangu nizaliwe."

Wiki hiyo shule zilikuwa zimefungwa kwa mapumziko mafupi, lakini dukani kazi ilikuwa bandika bandua. Fundi alikuwa anashona makoti thelathini mekundu ya bendi ya shule, yenye vifungo vya rangi ya dhahabu na kola iliyosimama. Jumamosi saa tatu asubuhi bendi ilikuwa na mashindano, na koti mojawapo lilikuwa la Pini mwenyewe, maana yeye ndiye mpiga ngoma kubwa. Alikuwa mdogo wa umbo, kiasi kwamba bendi ikija kwa mbele ulidhani ile ngoma inatembea yenyewe.

Jambo moja tu liliitia familia wasiwasi, nalo lilikuwa mguu wa Fundi.

Miezi minne kabla ya hapo, kidole gumba cha mguu wake wa kulia kilivimba ghafla, kikawa chekundu na cha moto, hata shuka ikikigusa aliona nyota. Mama Pini alimpeleka zahanati, na daktari akasema ni ugonjwa wa jongo. Alimpa dawa ya kumeza kila siku, akamwambia apunguze nyama nyekundu, aachane na maini, figo na soda, na anywe maji mengi. "Ukitaka kitu cha kushika nafasi ya nyama," aliongeza, "jaribu na soya."

Fundi alikubali yote isipokuwa hilo la mwisho, na sababu yake ilikuwa Redio.

Redio alikuwa fundi viatu aliyefanya kazi kwenye baraza hiyohiyo, hatua nne kutoka mlango wa Fundi. Habari zote za mtaa zilipitia kwake, na zilipotoka zilikuwa zimenenepa. Aliposikia neno soya aliweka nyundo chini. "Soya? Fundi, ndugu yangu, soya si jamii ya maharage? Na maharage si ndiyo yanayoamsha jongo? Mtu mmoja alikula soya jioni, asubuhi hakuweza kuvaa kiatu!"

"Mtu gani huyo?" aliuliza Mama Pini.

"Mtu mmoja."

"Wa wapi?"

"Wa... wa huko." Redio alielekeza nyundo upande wa barabara kuu.

Basi Fundi alipiga marufuku. Soya isiingie katika chungu chake.

Sasa, Jumapili ya wiki hiyo ya makoti, mama alisafiri kwenda kumsaidia mdogo wake aliyejifungua. Alikuwa amenunua chakula cha wiki nzima. Akiwa anafunga begi, alimwita Pini jikoni na kumwonyesha pakiti tatu nyuma ya unga.

"Hii ni soya, imekaushwa vipande vipande. Unailoweka kwenye maji ya moto, unaikamua, halafu unaipika kama nyama. Lakini sikiliza, mwanangu. Kwanza zungumza na baba yako. Akikubali, mpikie. Akikataa, kuna mayai na mboga, na kuku kidogo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

Na kweli alielewa. Tatizo ni kwamba Jumatatu jioni, alipotaka kuanza mazungumzo, baba yake aliinuka kwenye cherehani, akajinyoosha mpaka mifupa ikalia, akasema, "Pini, leo nimeshona makoti matano. Mtu aliyeshona makoti matano anahitaji nyama. Usiniletee majani, mimi si mbuzi."

Pini alienda jikoni, akatazama yale mayai, akatazama zile pakiti. Akawaza kwamba mazungumzo yatakuwa marefu na jibu litakuwa hapana. Lakini kama baba akila kwanza, akapenda, halafu ndipo aambiwe...

Akaweka maji jikoni.

Vipande vilipolowa vilivimba vikawa laini. Alivikamua kwa viganja vyote viwili, akavikaanga kwenye vitunguu mpaka vikashika rangi ya kahawia, akamwagia nyanya, kitunguu saumu na tangawizi. Harufu ilitoka jikoni ikavuka ua ikaingia dukani. Fundi alikuja mezani bila kuitwa.

Alitia tonge la kwanza mdomoni. Pini alishika pumzi.

"Mh!" alisema Fundi. Akatia la pili. "Mh! Pini, hii ni nyama gani?"

"Ya... ya kawaida, baba."

"Ya kawaida! Laini hivi, haina hata mfupa! Mama yako akirudi mwambie asibadilishe bucha."

Pini aliinama kwenye sahani yake ili baba asiuone uso wake. Kicheko kilimkaba, na chini ya kicheko kulikuwa na kitu kingine kidogo kinachochoma, kama pini iliyosahauliwa kwenye pindo la nguo. Alijiambia kwamba atasema kesho.

Jumanne hakusema. Jumatano Fundi aliomba aongezewe, akalamba vidole, akasema kama binti yake akikosa kazi ya ngoma basi afungue hoteli. Ungewezaje kumwambia mtu aliyefurahi hivyo kwamba amedanganywa siku tatu mfululizo?

Asubuhi za siku hizo Pini alikuwa kwenye mazoezi ya bendi, akirudi saa saba mchana. Kila aliporudi alimkuta baba ndiyo kwanza anaingia dukani akifuta midomo.

"Nilikwenda kununua uzi," alisema baba.

"Jana pia uzi uliisha?"

"Makoti mekundu yanakula uzi, mwanangu. Yanakula kweli."

Pini aliona ajabu kwamba uzi uishe kila siku wakati wa chakula cha mchana, lakini hakufuatilia. Mwenye siri yake hana hamu ya kuchimba za wengine.

Alhamisi alfajiri ilianza kwa ukelele. Pini alitoka chumbani mbio, akamkuta baba ameketi ukingoni mwa kitanda, mguu wa kulia ameuinua hewani kwa mikono miwili. Kidole gumba kilikuwa kimevimba kama nyanya iliyoiva kupita kiasi, kinang'aa.

"Usikiguse," Fundi alisema kwa meno yaliyobanana. "Hata usikipulizie."

Dukani yalikuwa yametundikwa makoti kumi na tisa. Kumi na moja yalikuwa bado vipande tu, yamefungwa mafungu mafungu mezani. Na mguu wa kukanyaga cherehani ndio huo.

Redio alikuja kwa sauti ile ya ukelele. Alitazama kidole, akatikisa kichwa, kisha akaenda jikoni kutafuta maji baridi. Aliporudi hakuwa na maji. Alikuwa ameshika mfuko mtupu wa plastiki, ameushika kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya.

"Nimeuona kwenye pipa la taka," alisema. "Fundi, soma mwenyewe."

Fundi alisoma. Akamtazama Pini.

Pini angeweza kusema ni mfuko wa zamani. Angeweza kusema alikula yeye peke yake. Maneno hayo yalifika mpaka kwenye ulimi. Lakini kile kidole kilikuwa pale mbele yake, chekundu, na aliamini kwamba yeye ndiye aliyekivimbisha.

"Ni mimi, baba," alisema. "Zile nyama za Jumatatu, Jumanne na jana hazikuwa nyama. Ni soya. Mama aliniambia nikuulize kwanza, nami sikukuuliza." Akaanza kulia. "Sikujua itakuumiza. Nilitaka mguu wako upone."

"Nilisema mimi!" Redio alipiga paja. "Si nilisema? Yule mtu wa huko naye..."

"Redio," Fundi alisema kwa sauti ya chini, "nitafutie cha kunifikisha zahanati. Hayo mengine baadaye."

Kilichopatikana ni mkokoteni wa muuza maji. Waliutandika godoro, wakampandisha Fundi, mguu juu ya mito miwili. Redio alisukuma, Pini akatembea mbele akiwaomba watu njia. Kila gurudumu lilipokanyaga jiwe Fundi aliita majina ya babu zake wote mpaka wale asiowafahamu. Mwanamke mmoja dirishani aliuliza anauzwa bei gani, na pamoja na maumivu yake Fundi akacheka.

Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni. Alikitazama kidole bila kukigusa, akapima joto la mwili, akachukua damu kidogo, akauliza kama amejigonga au ana kidonda. Kisha akavuta kiti.

"Haya. Wiki hii umekula nini?"

Kabla Fundi hajajibu, Pini alisimama.

"Amekula soya, daktari. Jioni tatu. Nilimpikia mimi kwa siri, na yeye alikuwa amekataza. Mimi ndiye niliyemletea ugonjwa."

Daktari alivaa miwani ili amwone vizuri. "Kiasi gani?"

"Sahani moja kila jioni. Jana aliongeza nusu."

"Ulipika na nini?"

"Vitunguu, nyanya, tangawizi. Mafuta kidogo."

"Ilikuwa tamu?"

Pini hakutarajia swali hilo. "Baba alisema nifungue hoteli."

Daktari alicheka. "Basi futa machozi, kisha usikilize, na ninyi wazee msikilize. Chakula kikishasagwa mwilini, kuna taka inayobaki kwenye damu, inaitwa asidi ya yuriki. Kwa kawaida figo huitoa kwenye mkojo. Ikizidi, inaganda kwenye maungo, hasa kidole gumba cha mguu, ikawa vipande vidogo vyenye ncha kali. Fundi, wewe unazijua sindano. Fikiria sindano elfu moja, ndogo zisizoonekana, ndani ya kiungo kimoja."

"Sihitaji kufikiria," alisema Fundi. "Nazihesabu."

"Soya inaacha taka hiyo kidogo, sikatai. Lakini ni kiasi cha wastani, na watu wengi wenye jongo wanaila bila shida yoyote, mradi wasile karai zima. Sahani ya kawaida jioni tatu, sioni kwamba inaweza kufanya haya peke yake. Kuna vyakula vinavyoacha taka nyingi zaidi ya hiyo." Aligeuka. "Ndiyo maana nauliza tena. Umekula nini kingine, Fundi? Sikuulizi ya nyumbani. Nauliza ya nje."

Fundi alitazama dari. Redio, ambaye hajawahi kukaa kimya tangu apate meno, alianza kuchunguza soli ya kiatu chake.

"Mchana," Fundi alisema hatimaye, "huwa nakwenda kununua uzi."

"Uzi," alirudia daktari.

"Na karibu na duka la uzi kuna mchoma nyama."

"Endelea."

"Ana maini. Ana na figo." Fundi alimeza mate. "Sahani moja mimi, sahani moja Redio. Na soda mbili."

"Mbili kwa wote?"

"Mbili kila mmoja," alisema Redio kwa sauti ndogo ambayo Pini hakujua kama anayo. "Nilimwambia kazi ya makoti inataka nguvu, na maini yanaongeza damu."

"Siku ngapi?"

"Tangu Jumapili mama watoto aliposafiri," alisema Fundi.

"Na dawa yako ya kila siku?"

Hapo Fundi alijikuna kichwa kama mvulana wa darasa la kwanza. "Kidole kiliacha kuuma, daktari. Nikaona nimepona. Ni kama mwezi sasa sijaimeza."

Daktari alivua miwani. Hakufoka. "Sasa nimeelewa," alisema. "Dawa ile inazuia taka isijikusanye, hata siku ambazo huna maumivu. Usiiache bila kuniuliza, wala usiianze tena leo mpaka nikuelekeze. Leo nakupa ya kutuliza uvimbe. Mguu ukae juu, maji unywe, na usikanyage kitu mpaka uvimbe ushuke. Soya endelea nayo kwa kiasi, nasi tutaangalia mwili wako unaipokeaje, maana watu hawafanani. Lakini nawaambieni jambo moja. Huyu mtoto alikuja hapa akaniambia yote, hata nusu sahani ya nyongeza. Kama asingesema, na wewe ukaficha maini yako, mimi ningetibu mtu ambaye hayupo chumbani humu."

Njiani kurudi Redio alisukuma mkokoteni polepole, akikwepa mawe. Walipofika kwenye kona alisimama ghafla.

"Pini, mwanangu. Yule mtu aliyekula soya akashindwa kuvaa kiatu..."

"Ndiyo, mjomba?"

"Simjui. Nilimsikia kwa mteja, naye alimsikia kwa shemeji yake."

Fundi alianza kucheka akiwa amelala chali juu ya godoro. Alicheka mpaka mkokoteni ukatikisika, akalia "Aah, kidole!", akacheka tena. Kisha alinyoosha mkono akamshika Pini begani. "Wewe ulinidanganya mimi kwa ajili ya mguu wangu. Mimi nikaudanganya mguu wangu mwenyewe. Tukifika nyumbani tutaona nani adhabu yake kubwa zaidi. Ila sasa niambie, makoti kumi na moja tunayafanyaje?"

Pini alikuwa amekwisha kuwaza hilo tangu zahanati. "Mikono yako inauma?"

"Mikono? Hapana."

"Basi wewe shona kwa mikono. Mimi nitakanyaga."

Walijaribu mchana uleule, Fundi alipokwisha kumeza dawa. Walimkalisha kando ya cherehani, mguu wake wenye ugonjwa juu ya kigoda na mto, mikono yake ikifika kwenye kitambaa. Pini aliketi kwenye kiti kidogo upande wa pili, miguu kwenye pedeli. Mara ya kwanza alikanyaga kwa nguvu mno, mshono ukakimbia ukapanda kwenye kola. Mara ya pili gurudumu lilirudi nyuma, uzi ukakatika. Mara ya tatu walianza pamoja lakini baba akataka kupinda kona naye akaendelea mbele, na mkono wa koti ukashonwa ukafungwa mdomo kama soksi.

"Hili ni la mwanafunzi asiye na kiganja," alisema Fundi, akaanza kufumua.

Pini alifumba macho. Kwenye bendi yeye ndiye aliyewaongoza wengine. Mwalimu wa muziki alikuwa akiwaambia kwamba wakipotea, wasikilize ngoma kubwa. Alifumbua macho.

"Baba, imba."

"Niimbe nini?"

"Chochote. Ukitaka niende haraka, imba haraka. Ukifika kwenye kona, vuta sauti. Ukinyamaza, nasimama."

Fundi alisafisha koo. Akaanza wimbo wa kuburuza, bila maneno, la-la-laaa, na miguu ya Pini ikaudaka mdundo. Tiki-tiki-tiki, cherehani iliitika. Kwenye kona aliivuta "laaa" hiyo ndefu, gurudumu likapunguza mwendo, kitambaa kikageuka kwa ulaini, na wimbo ukashika kasi tena. Koti la kwanza lilitoka limenyooka kama lililopigwa rula.

Baada ya hapo hakuna aliyewazuia. Redio alifunga kibanda chake, akaja na sindano yake nene ya viatu. Fundi akampa nyembamba, akampa kazi ya vifungo. Alivishona kwa nguvu za mtu aliyezoea ngozi, na mpaka leo hakuna koti la bendi ile lililowahi kudondosha kifungo. Kila saa Pini alimletea baba bilauri ya maji, naye akainywa yote akiwa amekunja uso kwa mchezo, kana kwamba ni dawa chungu. Wapita njia walisimama barazani kusikiliza, wengine wakaitikia wimbo. Mpaka kunakuchwa Alhamisi makoti matano yalikuwa yametundikwa. Ijumaa yakamalizika sita yaliyobaki, na la mwisho lilikuwa dogo kuliko yote, lenye mikono mifupi kuliko yote, la mpiga ngoma kubwa.

Mama alirudi Ijumaa hiyo jioni na begi lake begani. Alisimama mlangoni, akatazama mguu juu ya mto, akamtazama Redio mwenye uzi mdomoni, akamtazama Pini aliyejaa jasho kwenye pedeli.

"Naomba mtu mmoja anieleze," alisema. "Mmoja tu. Mkiongea wote nitarudi nilikotoka."

Pini ndiye aliyeeleza. Hakuacha kitu, hata lile neno la bucha. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuambia uzungumze naye kwanza," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini hukuzungumza?"

"Niliogopa atakataa."

"Na angekataa. Halafu mngebishana, mngenipigia simu, tungekwenda wote kumwuliza daktari, na yale maini yangejulikana Jumatatu, si Alhamisi." Mama alivuta pumzi. "Mwezi huu vyombo vyote ni vyako, asubuhi na jioni." Akamgeukia mumewe. "Na wewe uzi wako nitakuwa nanunua mimi."

Fundi alitaka kubisha, akaona uso wa mke wake, akaomba bilauri nyingine ya maji.

Jumamosi saa tatu bendi ilipita barabara kuu. Makoti thelathini mekundu, vifungo vikimetameta juani, na mbele yao ngoma iliyokuwa ikitembea yenyewe. Fundi alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara kwenye kiti alichobebewa na Redio, mguu juu ya kigoda. Ngoma ilipomfikia, alipiga makofi mpaka viganja vikamwasha. Bendi ilishika nafasi ya pili, lakini mgeni rasmi alisema hajawahi kuona kola zilizosimama vile, na akauliza fundi ni nani. Redio alijibu kwa niaba ya wote, kwa urefu.

Wiki mbili baadaye uvimbe ulikuwa umekwisha, na daktari alikuwa amemrudisha Fundi kwenye dawa yake ya kila siku. Jumapili hiyo alifanya jambo ambalo halijawahi kuonekana nyumbani humo. Alivaa aproni ya mama, akaingia jikoni, akafunga mlango. Vilisikika vishindo, kikasikika kikohozi cha mtu aliyepaliwa na moshi wa vitunguu, kisha akatoka na bakuli.

"Soya," alitangaza. "Kwa mkono wangu. Pini, onja wewe wa kwanza."

Pini alionja. Baba alikuwa ameviloweka vile vipande lakini hakuvikamua hata kidogo. Maji yalimjaa mdomoni mpaka yakamtoka kwa pembeni.

"Nzuri?" aliuliza Fundi. Alikuwa ameinama, macho yamemtoka kwa matumaini, kipande cha kitunguu kimenasa kwenye nyusi.

Mama alimtazama Pini. Ilikuwa rahisi sana kusema nzuri.

"Baba," alisema Pini, "ni kama kutafuna sifongo ya kuogea."

Fundi alichukua kipande, akakitia mdomoni, akatafuna. Maji yakamchuruzika kidevuni. Kicheko kikalipuka, na mama, aliyekuwa akijizuia, akaegemea ukuta akishika mbavu.

"Kweli ni sifongo," alisema Fundi alipoweza kusema. Alijifuta macho kwa aproni, akamvuta binti yake karibu. "Sasa sikia, Pini. Siku zile tatu ulinipa chakula kizuri na jibu la uongo. Leo umenipa jibu la kweli kwa chakula kibaya. Nimelipenda la leo zaidi, kwa sababu la leo linanisaidia kujua nilipokosea. Mimi nami niliwaficha ninyi na daktari, nikadhani siri yangu haimdhuru mtu ila mimi, kumbe kazi ya watoto thelathini ilikuwa imesimama juu ya kidole hiki kimoja. Mwili hauwezi kutunzwa na watu wanaofichana. Ukiwa na neno la afya yangu, niambie usoni, hata kama nitanuna. Nami nitakuambia. Na tusipojua, tutamwuliza anayejua, si yule anayesema kwa sauti kubwa."

"Nasikia huku!" Redio aliita kutoka barazani.

"Basi njoo ule sifongo!" Fundi alimjibu, na akaliinua bakuli kulirudisha jikoni, Pini akiwa nyuma yake amekunja mikono ya gauni, tayari kumwonyesha namna ya kukamua.